Taa ya duara kwa picha za vitenge
Taa hii ya duara ya inchi 10 niliinunua Kariakoo, mwezi wa tatu sasa naipigia picha vitenge ninavyouza mtandaoni. Usiku imeniokoa kweli. Nikizima balbu ya njano ya sebuleni na kuweka mwanga mweupe, bluu inabaki bluu, mteja halalamiki kwamba kaletewa rangi nyingine. Ukiwasha zote mbili, kitambaa kinapiga unjano upande mmoja. Satini ndiyo shida: duara zima linameta katikati ya nguo, mpaka niigeuzie taa kwenye ukuta mweupe ndipo mwanga urudi umelainika. Stendi ni nyepesi mno, feni ikipuliza inayumba. Mchana siigusi, dirisha lenye pazia jeupe linaishinda.