Skrini ya 144 Hz kutoka Mwanjelwa: mkia wa mpira ulivyopungua

Skrini hii ya inchi 24, ya paneli ya VA (aina ya skrini ya fuwele za kimiminika yenye weusi mzito), inayoweza kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde, niliinunua katika duka moja la vifaa vya kompyuta Mwanjelwa, jijini Mbeya, baada ya kuchoshwa na skrini ya zamani ya 60 Hz ambayo kila pasi ndefu katika gemu ya mpira iliugeuza mpira kuwa utepe mweupe. Muuzaji alinionyesha maandishi ya "1 ms" kwenye boksi, yaani nukta hubadili rangi kwa milisekunde moja, na kunihakikishia kwamba vivuli nitavisahau. Usiku wa kwanza mpira ulikuwa na mkia uleule.

Kosa la kwanza halikuwa la skrini. Windows ilikuwa imeiacha kwenye 60 Hz, nami sikuwa nimefungua mipangilio ya onyesho kuibadilisha. Tundu la HDMI la skrini hii huishia 120 Hz, na boksi lilikuwa na waya wa HDMI pekee, kwa hiyo ilinibidi nirudi mjini kununua waya wa DisplayPort. Tofauti ilionekana papo hapo, na sababu yake ni hesabu nyepesi: kwenye 60 Hz picha moja husimama milisekunde 16.7, ilhali jicho linaendelea kuufuata mpira, na kwa kitu kinachokwenda nukta 960 kwa sekunde hapo huzaliwa ukungu wa nukta 16. Kwenye 144 Hz ukungu huo hushuka chini ya nukta saba.

Kivuli ni jambo jingine, na wauzaji wengi hulichanganya na ukungu. Hutokea pale fuwele za kimiminika ndani ya paneli zinapochelewa kubadilika, hivyo picha iliyopita ikabaki nyuma ya ile mpya. Dawa yake ni ovadraivu, ambayo huzisukuma fuwele kwa umeme mkali zaidi ili zigeuke upesi. Skrini yangu ina ngazi nne. Nilipoiweka ya nne, mchezaji mwenye jezi nyeusi alipokimbia pembeni alifuatwa na ukingo mweupe unaong'aa, mbaya kuliko kivuli chenyewe, kwa kuwa fuwele zilikuwa zimepitiliza. Ile "1 ms" ya kwenye boksi, inayotegemea kusukuma fuwele kiasi hicho, kwa maoni yangu haina maana kwa mtu anayetaka kuangalia picha. Ngazi ya tatu ndiyo inayofaa kwenye 144 Hz. Ukiunganisha mashine ya gemu inayotoa 60 Hz, shuka hadi ya pili, la sivyo ukingo ule utarudi.

Ipo pia njia ya kuzimisha na kuwasha taa ya nyuma kati ya picha na picha. Mwendo husafika kweli, hata majina mgongoni mwa wachezaji yanasomeka wakikimbia, lakini mwanga hupungua sana na kwenye skrini hii huwezi kuitumia pamoja na ulinganishaji wa kasi ya skrini na ya kadi ya michoro ya kompyuta. Mimi huiwasha usiku tu, pazia likiwa limefungwa.

Kasoro ambayo hakuna mpangilio ulioiondoa ni weusi. Katika gemu zenye mandhari ya usiku, mti mweusi ukipita mbele ya ukuta wa kijivu huacha doa kama wino uliopanguswa kwa kidole, na hiyo ni tabia inayojulikana ya paneli nyingi za VA. Hapa Mbeya, mji ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Juni na Julai huizidisha, kwa maana fuwele huwa nzito zikipoa. Asubuhi doa hilo ni refu, na hufupika skrini ikishapata joto kama nusu saa.

Kuhusu duka, vijana wake ni wakarimu, ila skrini zote za maonyesho zimeunganishwa na kompyuta moja inayocheza video za muziki, na hapo mnunuzi hawezi kutambua 144 Hz wala kivuli. Omba wakufungulie gemu, au angalau waburuze dirisha kwa kasi mbele yako.

Mpenzi wa gemu za gizani atafute paneli ya IPS, aina nyingine ya skrini ya fuwele, ingawa weusi wake utaelekea kijivu. Mimi wa mpira nimebaki na hii, na asubuhi za Julai naiwasha kabla sijabandika maji ya chai.