Ruzuku ya TASAF kwa simu: tathmini kutoka Bahi

Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini, unaoendeshwa na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania), huzilipa kaya zilizotambuliwa na mkutano wa kijiji ruzuku ambayo sehemu yake hutegemea watoto kuhudhuria shule na kliniki. Huku Bahi, wilaya ya mkoa wa Dodoma, ambako mvua ikikatika mapema mtama na uwele hunyauka kabla ya kutoa masuke, fedha hizo hununua debe la mahindi, sare ya shule na, kwa mwenye kujibana, vifaranga wa kienyeji. Kulipwa kwa simu kunapunguza foleni, lakini wakala akiishiwa fedha taslimu bibi hurudi mikono mitupu, tena namba yake ya siri (hatari hiyo!) anaijua mjukuu. Ningependa malipo ya Januari yaongezwe, kwani ndipo ghala huwa tupu na palizi hudai nguvu.