DaVinci Resolve ya bure kwa anayejifunza kurekebisha rangi: ni nzuri, lakini ikague laptopu kwanza

Kwa mpiga video wa harusi na matanga huku Kisumu, Nakuru au Kakamega, DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video na kurekebisha rangi ya kampuni ya Blackmagic Design kutoka Australia, ina mvuto mmoja wa haraka: toleo la kawaida ni la bure na halina siku ya kwisha. Toleo la Studio ni dola 295, unalipa mara moja tu. Anayeanza asilikimbilie.

Alama zake nyingi inazipata kwa skopu, yaani grafu zinazopima mwanga na rangi za picha. Laptopu ya mtumba yenye skrini ya bei nafuu hudanganya: iinamishe kidogo na uso unabadilika rangi. Skopu hupima picha yenyewe, haijali skrini yako. Fungua ukurasa wa Color kwa Shift+6, kisha uwashe Waveform, Parade na Vectorscope. Kipimo cha Waveform, inayoonyesha mwanga, kinaanzia 0 (weusi kabisa) hadi 1023 (weupe kabisa).

Anza na mwanga kabla ya rangi. Shusha Lift (gurudumu la sehemu za giza) hadi weusi ukae karibu na 40, pandisha Gain (la sehemu angavu) hadi gauni la bibi harusi lifike 900 hivi, halafu Gamma (la mwanga wa kati) iweke uso mahali pake. Hapa mafunzo mengi ya mtandaoni yanapotosha, kwa sababu yanataka uso ufike asilimia 60 au 70 ya kipimo hicho, kiwango kilichotungwa kwa ngozi nyeupe. Ngozi nyeusi hupendeza kati ya 350 na 500. Ukiipandisha hadi 700 inakuwa ya kijivu kama iliyopakwa majivu, na gauni nalo linagonga 1023. Likishagonga huko wakati wa kurekodi, nakshi zake zimepotea. Hakuna gurudumu litakalozirudisha.

Kisha nenda Parade. Tafuta kitu ambacho ni cheupe kweli, kama kanzu au karatasi ya ratiba, uangalie kama vilele vyake kwenye nguzo za nyekundu, kijani na samawati vinalingana. Samawati ikizidi juu, sukuma gurudumu la Gain kuelekea chungwa. Ikizidi chini, kwenye weusi, tumia Lift. Picha nzima ikiwa imeelemea rangi moja, Temp (samawati hadi chungwa) na Tint (kijani hadi majenta) zinatosha.

Mtihani wenyewe ni tenti. Kitambaa cha samawati au kijani humwaga rangi yake juu ya wageni wote, huku uwanja ulio nje ukibaki na jua la kawaida. Ukirekebisha fremu nzima ili nyuso zipone, nyasi na ukuta wa nyuma vinageuka vya chungwa, na wengi hukata tamaa hapo. Dawa ni kugawa kazi kwa nodi, yaani hatua za marekebisho zinazofuatana. Nodi ya kwanza ibebe mwanga. Ongeza ya pili kwa Alt+S, chora Power Window (umbo linalozuia marekebisho yasitoke nje yake) kuzunguka watu walio chini ya tenti, lainisha kingo zake sana, kisha uiambie Tracker ifuate mwendo wa kamera. Marekebisho ya samawati yakae humo peke yake. Yote haya yamo kwenye toleo la bure.

Ngozi ihakikishwe kwenye Vectorscope. Washa mstari wa ngozi katika mipangilio ya skopu, zungushia shavu dirisha dogo, ubonyeze Shift+H ili skopu ionyeshe sehemu hiyo tu. Ngozi ya Mturkana na ya Mzungu zote huangukia karibu na mstari huohuo, kwa kuwa Vectorscope haionyeshi weusi wala weupe, inaonyesha aina ya rangi na ukolevu wake. Wingu la nukta za ngozi kwenye skopu likiinamia kijani, taa za ukumbi ndizo za kulaumiwa. Sogeza Tint kuelekea majenta kidogo kidogo. Ukimaliza, zima na uwashe marekebisho yote kwa Shift+D. Jicho huzoea kosa haraka, na hiki ndicho kitufe cha kuliamsha.

Sasa kasoro, na si chache. Kampuni inapendekeza RAM ya GB 16. Kwa GB 8 itafunguka lakini itakwama. Ujumbe wa kwamba kumbukumbu ya GPU (chipu ya picha) imejaa ukitokea, weka mfuatano wa video kwenye 1080p, kisha Timeline Proxy Resolution iwe Half au Quarter. Kwenye Windows, toleo la bure hukataa video za H.264 (mfumo wa kubana video) za biti 10 ambazo baadhi ya kamera mpya hurekodi: unasikia sauti, picha huioni. Zigeuze kwanza kuwa za muundo wa DNxHR HQX kwa programu ya Shutter Encoder, ukijua faili zitavimba mara kadhaa. Linux ndiyo mbaya zaidi, maana toleo la bure huko halifungui H.264 kabisa.

Kuondoa chenga za picha zilizorekodiwa gizani na kutuliza taa zinazopepesa ni vya Studio. Ukivitumia kwenye toleo la bure, video inapigwa chapa juu yake. Kwa taa zinazopepesa, usinunue Studio kwa hofu. Umeme wa Kenya ni Hz 50, hivyo rekodi kwa fremu 25 na shata ya sekunde 1/50, na mistari mingi inayotembea kwenye picha haitatokea.

Video ya simu ya biti 8 nayo ina mpaka wake. Machweo ya ufuo wa Dunga, Kisumu, yakiongezewa Saturation (ukolevu wa rangi) kutoka 50 hadi 75, anga inakatika ngazi ngazi, kwa kuwa kila rangi ina viwango 256 tu vya kugawana. Ishia 58 hivi.

Blackmagic wanatoa bure vitabu vya PDF vya mafunzo pamoja na klipu za kufanyia mazoezi. Vipakue siku moja na programu yenyewe, mahali penye Wi-Fi, kwani ni GB kadhaa na bando la simu litaisha njiani. Na kabla ya kukubali toleo jipya, hifadhi nakala ya hifadhidata ya miradi: ikishapandishwa, toleo la zamani haliifungui tena.