Nairobi hadi New York bila kutua: nilivyosafiri na mama

Kama unampeleka mzazi mwenye umri Marekani, mlipie ndege ya moja kwa moja. Nauli yetu ilizidi ile ya kupitia nchi nyingine, na ningeilipa tena hata leo. Mama ana magoti mabovu. Safari yake ya awali alibadilisha ndege ugenini, lango likahamishwa bila yeye kuambiwa, akahangaika kwenye korido hizo ndefu mpaka miguu ikavimba. Sitaki apitie hayo tena.

Kenya Airways ilianza safari hii Oktoba 2018 kwa Boeing 787 Dreamliner. Kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi JFK, ule wa New York, ni takriban kilomita 11,800. Ukigawanya kwa kasi ya kawaida ya ndege hiyo, kilomita 900 hivi kwa saa, unapata saa 13 na kidogo. Usipange safari kwa hesabu hiyo. Kwenda ni kama saa 15, kurudi kama 14, maana kule juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kuelekea mashariki: kwenda mnapambana nao, kurudi unawasukuma. Niliuona ukifanya kazi kwenye skrini ya kiti. Tukivuka Atlantiki wakati wa kwenda, kasi ilishuka chini ya 800, wakati wa kurudi ikapita 1,000, mama akanigusa mkono: "Mwanangu, huyu dereva ana haraka ya nini?"

Nilichohofia zaidi ni kifua chake. Kumbe ndani ya Dreamliner hewa huwekwa iwe kama ya mahali palipo mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali ndege nyingi za zamani hufika 2,400. Mita 1,800 ndiyo Nairobi yenyewe! Mama, mkazi wa Kikuyu ambako ni juu zaidi, alipumua vizuri njia nzima. Hewa ni kavu lakini, kwa hiyo nilimpa maji mara kwa mara, na kila alipoamka tulitembea hadi choo cha nyuma na kurudi, awe na haja au asiwe nayo. Soksi za kubana zilisaidia sana. Kiti cha magurudumu omba mapema, siku ile unapokata tiketi.

Kilichomshinda ni saa. Tuliondoka usiku, saa sita ikikaribia, tukatua asubuhi ya huko, wakati Nairobi ni alasiri. New York iko nyuma yetu kwa saa 7 majira yao ya joto na 8 majira ya baridi, kwa hiyo ikifika saa kumi jioni kwao, mwili wa mama unajua ni usiku mkuu. Dada yangu alikuwa amealika ndugu na majirani jioni hiyohiyo, wakala pilau mgeni akiwa usingizini. Waambie wanaowapokea wapike kesho yake.