Nililipia uchambuzi wa shuti langu, nikajibiwa maneno matatu

Nimekaa na hasira hii tangu masika, leo naitoa.

Mimi ni beki wa hoki ya barafu, naishi Njiro, Arusha. Kuteleza nilijifunza Nairobi nilipokuwa nafanya kazi huko, na hadi leo nikipata nafasi napanda basi la alfajiri, navuka Namanga, jioni nacheza. Siku nyingine najifua nyuma ya nyumba: ubao wa kabati la zamani niliopaka nta ya mshumaa, gongo, na paki, kile kisahani kigumu cha mpira mweusi. Mama Neema wa jirani ameshauzoea mlio wa ukutani.

Shida yangu ni shuti la mbali. Nikiwa kwenye mstari wa buluu, karibu mita 20 kutoka golini, nanyanyua gongo hadi begani, nashusha kwa nguvu zote, paki inagonga miguu ya anayenikaba. Hapo ni kaunta, na nyuma yangu amebaki kipa tu.

Nikalipia masomo ya mtandaoni ya kocha mmoja wa ng'ambo. Kilichonivuta ni ahadi kwamba ukituma video yako, anaichambua. Nilirekodi jioni nzima, bando likakata mara mbili nikiwa natuma. Jibu lilikuja baada ya wiki na ushee: "Kwanza tafuta barafu." Basi. Hata salamu hakuna.

Niliumia sana. Mikono yangu, mabega yangu, macho yangu yanaangalia wapi, vyote vilionekana kwenye ile video. Pesa yangu aliipokea bila kuuliza kama nina barafu! Nikadai anirudishie, kimya mpaka leo.

Lakini haki yake nimpe. Kuna somo moja fupi nililitazama kwa chuki na likaniingia. Sote tunamtaja Zdeno Chara, beki wa zamani wa ligi kuu ya Amerika Kaskazini (NHL), aliyepiga shuti la kilomita 175 kwa saa mwaka 2012. Yale yalikuwa mashindano ya kupima kasi: golini hakuna kipa, mbele hakuna mtu. Kwenye mechi, ule muda wa kunyanyua gongo ndio anaoutumia mpinzani kuziba njia. Kwa hiyo inua macho kwanza, teleza pembeni kidogo kwenye mstari mpaka uone upenyo, kisha achia kwa vifundo vya mikono, chini chini. Paki ikifika tu, mwenzako aliyesimama mbele ya kipa ataiparaza, au kipa ataitema na nyie mmalizie.

Nilirudia mpaka tepu ya gongo ikachanika upande wa chini, pale panaposugua ubao. Juzijuzi Nairobi nikasogea kushoto, nikaachia shuti la kawaida kabisa. Likapita kando ya goti la mtu, mwenzetu akaliparaza, kipa ameshaenda upande mwingine. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka.

Nilipanga kuandika msinunue. Sasa nasema masomo nunueni, uchambuzi wa video msiuguse. Ingawa kila nikiyasoma tena yale maneno matatu, hata hayo masomo natamani ningeyapata kwa mtu mwingine. Nyota tatu. Hapana, mbili, mpaka anirudishie hela ya uchambuzi.