Mazda CX-5 ya kizazi cha pili: uzee wake uko kiti cha nyuma

Kizazi cha pili cha Mazda CX-5 kilioneshwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Los Angeles mwezi Novemba 2016, kikaanza kuuzwa mwaka uliofuata. Tangu hapo Honda imeunda upya CR-V, Hyundai imeunda upya Tucson, na Toyota imeleta RAV4 mpya mara mbili, ilhali CX-5 ilibaki na umbo lile lile, ikibadilishiwa taa, viti na skrini, hadi Mazda ilipotangaza kizazi cha tatu Julai 2025. Mtu anayetafuta gari la familia, na akakutana na CX-5 hii ikiwa haijatembea sana, ana kila sababu ya kuuliza kama muda wake haujapita. Kwa maoni yangu umri wake unaonekana wazi, ila si mahali ambapo wengi huanza kuutafuta, yaani kwenye dashibodi.

Dashibodi ndiyo inayolaumiwa zaidi. Skrini yake kubwa ni ya inchi 10.25, ndogo ukiilinganisha na za magari ya sasa, na kwa miaka mingi haikukubali kuguswa gari likiwa linatembea. Dereva huiendesha kwa kitufe cha kuzungusha kilichopo kati ya viti viwili vya mbele. Mwanzoni jambo hili linaudhi, hasa kwa aliyezoea kugusa simu. Baada ya siku chache mkono hujua njia wenyewe, na macho hubaki barabarani. Joto na baridi ya ndani vina vitufe vyake vya kawaida, vinavyobonyezwa na kuzungushwa bila kutazamwa. Ni vyema kukumbuka kwamba Tucson ya kizazi cha nne ilitoka na sehemu laini za kugusa badala ya vitufe, kisha Hyundai ikarudisha vitufe vya kweli ilipolifanyia gari hilo marekebisho. Kwa hiyo hapa siwezi kusema CX-5 imeachwa nyuma. Wenzake walitangulia kwa kasi, wakakuta njia imefungwa, wakarudi.

Uendeshaji nao haujazeeka. Injini ya kawaida ya lita 2.5 isiyo na turbo, kwa modeli za Marekani, hutoa nguvu farasi 187, na giaboksi yake ni ya otomatiki yenye gia sita za kweli. Gia sita ni chache siku hizi, lakini zinabadilika kwa mpangilio unaoeleweka, bila ule mngurumo mrefu wa injini unaosikika katika baadhi ya magari yanayotumia giaboksi za mkanda, ambapo sauti hupanda kwanza na mwendo hufuata baadaye. Kuna pia mfumo ambao Mazda huuita G-Vectoring Control: dereva anapoanza kukata kona, kompyuta hupunguza kidogo nguvu ya injini, uzito wa gari husogea mbele, na matairi ya mbele hushika barabara vizuri zaidi. Abiria hatambui chochote, isipokuwa kwamba kichwa chake hakiyumbi sana. Injini yenye turbo hufika nguvu farasi 256 ikinyweshwa mafuta ya oktani ya juu, na 227 kwa mafuta ya kawaida. Ni tamu kuendesha, ingawa sioni familia ya kawaida inaihitaji kwa kazi gani.

Tatizo huanza mlango wa nyuma unapofunguliwa. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni karibu mita 2.7 kwa CX-5, na CR-V ya sasa ni hivyo hivyo, kwa hiyo mtu angetarajia nafasi zilingane. Hazilingani. Wachoraji wa Mazda walitaka boneti ndefu na paa linaloshuka kwa madaha, na gharama ya urembo huo ikalipwa na waliokaa nyuma. Nafasi ya miguu nyuma ni takriban sentimita 100, dhidi ya 104 za CR-V. Sentimita nne zinaonekana kidogo kwenye karatasi, lakini kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kikifungwa, ni hizo hizo zinazoamua kama dereva mrefu ataendesha magoti yakiwa yamekunjwa. Buti nayo inasimulia hadithi hiyo hiyo: kwa vipimo vya Marekani, CX-5 hubeba lita zipatazo 870 viti vikiwa wima, na CR-V hupita lita 1,000. Faraja iliyopo ni kwamba kiti cha nyuma hukunjwa kwa sehemu tatu, hivyo mzigo mrefu unaweza kupita katikati huku watoto wawili wakibaki wamekaa pembeni.

Usalama umegawanyika kwa mstari huo huo, na hili ndilo lililonishangaza zaidi. Mwaka 2021 taasisi ya Marekani ya usalama barabarani, iitwayo IIHS, ilizipima SUV ndogo 20 kwa jaribio jipya la kugongwa ubavuni, kwa kizuizi cha takriban kilo 1,900 kinachokwenda kilomita 60 kwa saa, na CX-5 peke yake ndiyo iliyopata daraja la juu kabisa. Desemba 2022 taasisi hiyo hiyo ilitoa matokeo ya jaribio la kugongana kwa mbele, safari hii ikiwa na mwanasesere wa kiti cha nyuma mwenye umbo la mtoto wa miaka 12 au mwanamke mdogo. CX-5 iliangukia daraja la chini kabisa. Haikuwa peke yake huko chini, lakini RAV4 ilifanya vizuri zaidi. Mzazi asizichanganye alama hizi mbili akadhani kwamba ya kwanza inaifuta ya pili.

Kuhusu mafuta sina maneno mengi, kwa kuwa hesabu inajitosheleza. Kwa viwango vya serikali ya Marekani, CX-5 isiyo na turbo ya miaka ya mwisho hutumia takriban lita 8.4 kwa kilomita 100, CR-V ya haibridi (injini ya mafuta ikisaidiwa na mota ya umeme) yenye mvuto wa magurudumu yote manne hutumia 6.4, na RAV4 ya haibridi ya kizazi cha tano hutumia 5.9. Anayetembea kilomita 20,000 kwa mwaka atanunua lita 400 hadi 500 zaidi kila mwaka akichagua Mazda. Hakuna usukani mtamu unaofidia kiasi hicho kwa mtu anayeshinda kwenye foleni.

Anayenunua lililokwisha kutumika aulize mambo mawili. Kwa gari la 2018 au 2019 lenye injini isiyo na turbo, aone uthibitisho kwamba programu ya injini ilirekebishwa baada ya Mazda kuyaita magari hayo yarudishwe kwa marekebisho mwaka 2019, kutokana na hitilafu katika mfumo unaozima silinda mbili kwa muda. Kwa lenye turbo, fundi achunguze kama maji ya kupozea injini yanavuja kwenye silinda hedi, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda, kwa sababu nyufa za sehemu hiyo ni jambo linalojulikana.

Kizazi cha tatu kimerefushwa kwa sentimita 11.5, na urefu wote huo umewekwa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, jambo linaloonesha kwamba Mazda yenyewe ilikuwa inajua abiria wa nyuma wanalalamikia nini. Pamoja na hayo imekiondoa kile kitufe cha kuzungusha na kuhamishia karibu kila kitu kwenye skrini kubwa ya kugusa. Mwenye watoto watatu namshauri achukue hilo jipya au aende CR-V. Mwenye mtoto mmoja, ambaye yeye mwenyewe ndiye hukaa nyuma ya usukani kila siku, namshauri aliendeshe la zamani kwanza.