HafenCity, Hamburg: maoni ya mpangaji

Watu wakisikia naishi HafenCity, mtaa mpya wa bandarini hapa Hamburg, Ujerumani, huniuliza kodi ya nyumba kwanza. Kodi nitaifikia. Kwangu mimi cha kusifiwa kabla ya vyote ni jinsi walivyojenga kwa kuyaheshimu maji.

Elbe ni mto, ila hujaa na kupwa kama bahari ya Kigamboni, na dhoruba ikitokea Bahari ya Kaskazini maji hupanda kwa kasi. Mwaka 1962 mafuriko yaliua zaidi ya watu 300 hapa Hamburg. Eneo hili la hekta 157, zamani gati na maghala, liko nje ya tuta kuu linalokinga mji. Hawakulizungushia ukuta, waliinua viwanja hadi mita 8 au 9 hivi juu ya usawa wa bahari, magari yakawekwa chini, watu juu. Njia za kutembea ukingoni zimeachwa chini makusudi, maji yakija yapite. Ukishuka barabara ya Am Sandtorkai angalia milango ya maegesho: chuma kinene, mizito kama ya meli, inafungwa maji yakitishia. Madaraja ya juu yanabaki wazi kwa wakazi na zimamoto. Mimi niliyekulia Magomeni, ninayejua Jangwani inavyofungwa mvua zikizidi, natamani wataalamu wa mipango miji wanaoshughulikia bonde la Msimbazi waje waione. Dar na Hamburg ni miji dada tangu 2010, basi huu undugu utumike.

Jambo la pili: ardhi ilikuwa ya mji, na mji haukuitupa kwa mwenye dau kubwa tu. Mwekezaji huchaguliwa pia kwa wazo lake, kisha hupewa muda wa kukamilisha mipango kabla ya kulipia kiwanja. Ndiyo maana chini ya nyumba nyingi kuna maduka, migahawa na ofisi. Shule ya msingi ya Katharinenschule ina uwanja wa kuchezea juu ya paa, watoto wanakimbizana huko huku meli zinapita.

Sasa kodi. Upande wa magharibi, uliojengwa mwanzo, ni wa wenye pesa, na jioni za baridi unapooza kabisa. Upande wa mashariki ni afadhali: baadaye mji ulidai sehemu kubwa ya nyumba mpya, kama theluthi hivi, iwe ya kodi nafuu. Mimi nilipata chumba na sebule huko mashariki, kwenye gati la zamani la Baakenhafen, kupitia ushirika wa nyumba. Bila hivyo nisingeweza, na hilo linaniuma, kwa sababu wauguzi wenzangu wengi wanaishi mbali na kazini.

Baakenhafen ina jambo jingine. Kutoka gati hili walipakiwa askari wa Kijerumani waliokwenda Namibia, kwenye mauaji ya kimbari ya Waherero na Wanama yaliyoanza 1904. Kwenye bustani ya Lohsepark, jirani tu, kuna kumbukumbu ya Wayahudi, Wasinti na Waroma waliosafirishwa na Wanazi kwa treni kwenda kuuawa, imefanywa kwa heshima kubwa. Waherero na Wanama wanastahili heshima ya kiwango hicho hicho, tena pale pale majini.

Kasoro nyingine: miti bado michanga, kivuli hakuna, kelele za ujenzi zinaanza alfajiri. Usafiri hauna shida, treni ya U4 inafika hadi kituo cha Elbbrücken, mwisho wa mtaa upande wa mashariki.

Nyota nne. Ukitaka kuhamia, jiandikishe ushirika mapema, na nyumba nenda ukaitazame Januari upepo ukivuma, usiende Julai.